Kubuni si Kuzua: Tahakiki ya Insha ya Trevor-Roper juu ya Kilti ya Waskoti

Mwaka 1983 kilitoka Cambridge kitabu kiitwacho The Invention of Tradition, kilichohaririwa na wanahistoria wawili, Eric Hobsbawm na Terence Ranger. Jina la Ranger si geni katika Afrika ya Mashariki. Alifundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na sura aliyoiandika kitabuni humo, juu ya mila zilizotungwa Afrika chini ya ukoloni, imesomwa na kujadiliwa sana na wasomi wa bara letu. Nia yangu leo si kuirudia sura hiyo. Nataka kuitahakiki sura nyingine ya kitabu hicho hicho, ambayo sisi huiruka upesi: sura ya Hugh Trevor-Roper juu ya mila za Nyanda za Juu za Uskoti, na hasa juu ya lile vazi la wanaume liitwalo kilti.

Msomaji ataniuliza: yatuhusu nini sisi, walimu wa Kiswahili, sketi ya Waskoti? Yatuhusu kwa sababu swali lililomo ndani ya insha hiyo ndilo tunaloulizwa na wanafunzi wetu kwa maneno mengine. Je, kitu kisichokuwa cha kale chaweza kuwa cha asili? Na mtu aliyelelewa mbali na asili yake, siku anapoirudia akiwa mtu mzima, anarudi kwao kweli au anaingia katika mchezo wa kuigiza?

Hebu kwanza tulieleze vazi lenyewe. Kilti hushonwa kwa nguo ya sufu yenye miraba ya rangi, iitwayo tartani. Kwa mtu mzima huchukua yadi 8 hivi, yaani zaidi ya mita 7. Sehemu kubwa ya nguo hiyo hukunjwa marinda na kushonwa nyuma. Mbele huachwa bapa, upande mmoja ukilala juu ya mwingine, kisha hukazwa kiunoni kwa kanda na bizimu. Urefu wake huishia magotini. Mbele huning'inizwa mkoba wa ngozi, miguuni huvaliwa soksi ndefu za sufu, na ndani ya soksi moja huchomekwa kisu kidogo. Siku hizi Waskoti wengi huivaa kilti arusini, na wengi wao huikodi dukani. Wengine huivaa kwa mara ya kwanza mbali kabisa na Uskoti, huko Kanada, Marekani, Australia au New Zealand, nao ni wajukuu na vitukuu wa watu waliovuka bahari. Huko Marekani, Baraza la Senati lilipitisha mwaka 1998 azimio la kuitambua tarehe 6 Aprili kuwa siku ya tartani. Mtu wa namna hiyo, aliyezoea suruali maisha yake yote, husimama mbele ya kioo, huusikia uzito wa marinda nyuma yake na baridi magotini, hujifunza upya namna ya kuketi, na aghalabu husema moyoni: sasa nami nimekuwa wa kwetu.

Trevor-Roper anamjibu mtu huyo kwamba amedanganywa.

Hoja yake, kwa muhtasari, ni hii. Hapo zamani watu wa Nyanda za Juu hawakuwa na kilti. Walikuwa na shuka kubwa ya sufu waliyojizungushia mwilini na kuikaza kwa mshipi, sehemu ya juu ikitupwa begani. Kilti fupi, ambayo ni nusu ya chini ya shuka hiyo ikiwa imekatwa na kushonewa marinda, ilibuniwa katika miaka ya 1720 na Mwingereza, tena si mwenyeji wa milima bali mwenye kiwanda. Naye ni Thomas Rawlinson, mfuasi wa madhehebu ya Quaker kutoka Lancashire, aliyekuwa na tanuri la kuyeyushia chuma karibu na Invergarry. Aliona shuka ile inawatatiza wafanyakazi wake, akataka ifupishwe. Ama tartani za koo, kwamba ukoo huu una miraba yake na ule una yake, hizo ni za baadaye zaidi. Zilitokana na sare za majeshi. Zikakuzwa na wafumaji waliotafuta soko. Zikapata heshima mwezi Agosti 1822, Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh na mwandishi Walter Scott akawa mpangaji wa sherehe. Mwishowe zikatiwa muhuri na ndugu wawili walaghai, waliojiita Sobieski Stuart na kudai kuwa wajukuu wa mwana wa mfalme, Charles Edward Stuart. Mwaka 1842 ndugu hao walichapisha kitabu cha tartani za koo, wakidai kwamba wamekinakili kutoka hati ya kale. Hati yenyewe ilikuwa ya kughushi.

Haki itendeke: insha hii ni kazi ya fundi. Lugha yake ni safi, mpango wake unasonga hatua kwa hatua, na dhihaka yake haipotezi shabaha. Tena katika jambo moja kubwa mwandishi ana haki kabisa. Tartani za koo, kama zinavyouzwa leo zikiwa na majina ya koo, si urithi wa tangu enzi za mababu wa kale. Anatoa kisa ambacho msomaji hatakisahau. Tartani iliyouzwa kwa mkuu wa ukoo wa Macpherson kuwa ndiyo ya ukoo wake, hapo awali ilikuwa ikiitwa Kidd, kwa kuwa iliuzwa kwa wingi kwa bwana mmoja wa jina hilo aliyetaka kuwavika watumwa wake wa West Indies. Na kabla ya hapo haikuwa na jina lolote ila Namba 155. Kisa kimoja kama hicho chatosha kumzindua mtu anayeamini kwamba miraba ya kilti yake imeandikwa katika damu.

Vilevile mwandishi anatukumbusha jambo ambalo wavaaji wengi wapya hawalijui. Uskoti ina pande mbili. Watu wa Nyanda za Chini, ambao ndio wengi, hawakuwa wavaaji wa shuka. Na kwa karne nyingi waliwadharau watu wa milimani, wakawaona kuwa wezi wa ng'ombe wasiostaarabika. Kwa hiyo mtu mwenye jina la Kiskoti huenda ametoka kwa mababu ambao wangeona aibu kuonekana katika vazi ambalo yeye leo analivaa kwa fahari.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika neno lililobeba kitabu kizima. Mwalimu wa Kiswahili atakayejaribu kukifasiri kichwa cha kitabu hicho atakwama papo hapo, na kukwama kwake kutamfundisha. Kiswahili hakikubali kutia mambo haya yote katika kapu moja. Mtu akikuta kitu kilichokuwapo bila kujulikana, amekivumbua. Akikitoa akilini mwake kitu ambacho hakikuwapo, kwa haja na kwa nia njema, amekibuni. Akitoa jambo lisilokuwapo na kulieneza kana kwamba lilikuwapo, amelizua. Na akiandika hati akadai ni ya mtu mwingine au ya zama nyingine, ameghushi. Mbunifu husifiwa; mzushi huapizwa. Kiingereza kina maneno yake ya kutofautisha mambo haya, lakini neno lililochaguliwa kwa kichwa cha kitabu linaelea kati ya kubuni na kuzua, na Trevor-Roper analifaidi hilo. Anathibitisha kwamba kilti ilibuniwa, kisha msomaji anafunga ukurasa akidhani imethibitishwa kwamba ilizuliwa.

Tuyapime mambo yenyewe kwa maneno yetu. Rawlinson alifanya nini? Alitaka shuka iliyokuwapo ifupishwe. Nguo ilikuwa ile ile, miraba ilikuwa ile ile, na waliovaa walikuwa wale wale wenyeji wa milimani. Insha yenyewe yasimulia kwamba MacDonell, mkuu wa Glengarry, aliipenda akaivaa, na watu wakaiga. Hapa hakuna uongo wowote. Hakuna aliyeambiwa kwamba kilti fupi imevaliwa tangu Nuhu. Huu ni ubunifu wa kawaida kabisa wa watu wanaofanya kazi. Tena hata kisa hiki cha Rawlinson chategemea zaidi barua moja iliyoandikwa mwaka 1768, miaka 40 hivi baada ya tukio, na kuchapishwa mwaka 1785. Wapo wanahistoria ambao hawakuridhika nacho. Lakini tukikikubali chote, kinathibitisha nini? Kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wa mgeni. Basi.

Sisi tunaoishi Uganda hatuna haja ya kwenda mbali ili kuona udhaifu wa kipimo hiki. Kanzu ilitufikia kutoka Pwani, pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, katika karne ya 19. Leo mwanamume wa Kiganda anayekwenda kujitambulisha kwa wakwe bila kanzu atarudishwa mlangoni. Gomesi la mama zetu lilishonwa mwanzoni mwa karne ya 20 na fundi cherehani wa Kigoa aliyeitwa Gomes, na jina lake limebaki katika vazi hadi leo. Nani atamwambia mama aliyevaa gomesi lake siku ya arusi ya bintiye kwamba amevaa uzushi? Umri wa vazi ni jambo la kujua. Si hukumu juu ya avaaye.

Kasoro ya pili ni kwamba insha inawasikiliza wauzaji kuliko wavaaji. Baada ya uasi wa mwaka 1745 kuzimwa kwa damu pale Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, Bunge la London lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, isipokuwa wale waliokuwa askari wa mfalme. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Aliyekamatwa tena alihamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1782. Trevor-Roper anaitaja, lakini kwake ni kituo tu njiani kuelekea biashara ya wafumaji. Hakai nayo kwa muda wa kutosha ili aulize swali lililo wazi: je, serikali humfunga mtu miezi 6 kwa ajili ya kitambaa kisichokuwa na maana? Adui alikwisha kujua maana ya vazi lile kabla ya Walter Scott kuzaliwa.

Nao waliovuliwa walisema. Mshairi Donnchadh Bàn Mac an t-Saoir, aliyezaliwa mwaka 1724, alitunga kwa Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu, shairi la kulalamikia suruali walizolazimishwa kuvaa, na sheria ilipofutwa akatunga jingine la kulishangilia vazi lililorudi. La kuzingatia ni kwamba mshairi huyu hakuwa upande wa waasi. Mwaka 1746 alipigana upande wa serikali, na bado akavuliwa kama waliopigana dhidi yake. Uchungu wake basi si uchungu wa siasa ya wafalme. Ni uchungu wa mtu aliyeguswa nafsi yake. Ushahidi wa namna hii haupewi kiti unachostahili katika insha ya Trevor-Roper. Mwalimu wa fasihi hawezi kulinyamazia jambo hilo. Aandikaye juu ya mila ya watu pasipo kuketi na washairi wao katika lugha yao ni sawa na aandikaye juu ya Pwani yetu kwa kutegemea vitabu vya mizigo ya forodhani tu. Atajua kilichouzwa na bei yake. Hatajua kilicholiliwa.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Insha imeutafuta uongo mahali padogo na kuupita mahali pakubwa. Alasdair Ranaldson MacDonell, mkuu wa Glengarry katika zama za Walter Scott, alianzisha mwaka 1815 chama cha Wagaeli aliowaita wa kweli, akatembea na wafuasi waliovaa tartani kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika zama hizo hizo wapangaji wa ardhi ya Glengarry waliondolewa ili nafasi ipatikane kwa kondoo, na wengi wao wakaishia Kanada. Huko Sutherland, katika bonde la Strathnaver, watu waliondolewa mwaka 1814 kwa sababu ya kondoo hao hao. Yaani wakati mabwana walipokuwa wakishona kilti mpya za kumpokea mfalme, wale ambao vazi lilikuwa lao walikuwa melini, au pwani wakijifunza kuvua samaki. Huu ndio uzushi unaostahili jina hilo: kumfukuza mtu, kisha kulivaa vazi lake na kusema, mimi ndiye yeye. Ulaghai wa ndugu wawili wenye hati yao ni mchezo wa watoto mbele ya huo.

Turudi pia kwa wale watumwa wa West Indies. Katika insha, wao ni mzaha unaopita: miraba iliyodhaniwa kuwa ya heshima kumbe iliwahi kuvikwa watumwa. Lakini nao walikuwa watu, na nguo ile iliwagusa miili. Leo jina la Campbell ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Jamaika, na sababu yake si siri, kwa kuwa Waskoti wengi walimiliki mashamba ya miwa na watumwa huko. Akija kijana wa Kijamaika aitwaye Campbell akavaa kilti kwa mara ya kwanza, atakuwa amekosea? Au yeye ndiye anayebeba ukurasa wa historia ya Uskoti ambao wenzake wangependa usifunguliwe? Trevor-Roper alikuwa na ukurasa huo mkononi, akautumia kwa kicheko kimoja, akaufunga.

Labda tusistaajabu. Mwandishi huyu ndiye yule aliyesema, katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 1963, iliyochapishwa kitabuni mwaka 1965, kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu walioko Afrika, na kwamba yaliyosalia ni giza. Mtu aonaye giza pasipo na hati za aina anayoizoea ataona utupu pia katika milima ya Wagaeli. Na kuna kejeli nyingine. Mwaka ule ule wa 1983, insha yake juu ya walaghai wa hati za kale ilipokuwa ikitoka, yeye mwenyewe alizithibitisha hadharani shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler, nazo baada ya siku chache zikagunduliwa kuwa za kughushi. Siyataji haya ili kumbomoa, kwa maana hoja hujibiwa kwa hoja. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba werevu wa kuwacheka waliodanganywa haumkingi mtu asidanganywe.

Yafaa tumtazame pia Ranger, kwani yeye alikwenda mbali zaidi ya mwenzake. Mwaka 1975, kabla ya kitabu cha Cambridge, alichapisha utafiti juu ya ngoma ya beni, ile iliyoanza Pwani ya Kenya na kuenea hadi bara, ambayo wachezaji wake waliiga magwaride, vyeo na sare za Wazungu. Mombasa kilikuwako chama cha beni kilichojiita Skochi, kwa jina la hao hao Waskoti. Ranger hakuwacheka wachezaji wale. Aliona kwamba kwa vitu vya kuigwa waliyajenga mashindano yao, heshima yao na umoja wao. Na mwaka 1993 aliirudia sura yake ya Cambridge, akasema kwamba neno lililotumika lilikuwa na kasoro, kwa kuwa liliifanya mila ionekane kama kitu kilichotengenezwa mara moja na mkoloni, na Mwafrika akakimeza tu. Ni haba kuona mwanachuoni akikipiga msasa kitabu kilichompa sifa. Trevor-Roper, aliyefariki mwaka 2003, hakufanya hivyo. Kitabu chake juu ya Uskoti kilichotoka baada ya kifo chake, mwaka 2008, kimeendelea katika njia ile ile.

Je, basi kila avaaye kilti yu sahihi? La. Ukarimu wetu usiwe upofu. Sisi wa Uganda tulikuwa na mtawala, Idi Amin, aliyependa kuitwa mfalme wa Uskoti, ilhali watu wake walikuwa wakiuawa. Vazi na jina la watu walioonewa vyaweza kuwa barakoa ya mwoneaji. Na hata bila ya udhalimu wa namna hiyo, upo wepesi ambao tahakiki haina budi kuukemea. Mtu anaingia dukani, anataja jina lake la ukoo, anaonyeshwa miraba, analipa, anatoka akidhani ameirithi historia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kilti ya kukodi humsitiri mtu vizuri sana siku ya arusi. Kisichoweza kukodiwa ni ujuzi wa kwa nini babu yake hakuwa nayo.

Jambo ninalomtakia mvaaji mpya ni kwamba ajue anavaa nini. Ajue kwamba mkato wa vazi lake ulibuniwa katika karne ya 18, na wala asione haya. Ajue kwamba jina la ukoo lililobandikwa kwenye miraba lilitoka dukani. Tangu mwaka 2009 Uskoti ina daftari rasmi la serikali la kuandikisha tartani, na tartani mpya huingizwa humo. Hilo ni jambo la uaminifu, kwa kuwa kitu kipya kimeandikwa tarehe yake. Ajue pia ni nani walivuliwa vazi hili kwa sheria, ni nani waliofukuzwa katika ardhi yao, na ni nani waliovikwa miraba hiyo bila kuulizwa. Akishayajua hayo, aivae. Kilti yake itakuwa nzito zaidi, nayo itakuwa yake zaidi.

Tena mimi, nikiwa mwalimu wa lugha, nina neno moja la kuongeza ambalo Trevor-Roper hakulisema. Vazi lilirudishwa mwaka 1782 na kupandishwa hadi mwilini mwa mfalme mwaka 1822. Lugha ya wenye vazi haikupewa karamu ya namna hiyo. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 iliwaleta watoto wote shuleni, lakini haikukitaja Kigaeli hata kidogo. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alitundikwa kijiti shingoni. Walimu wenzangu wa makamo na wazee hawahitaji maelezo juu ya kijiti hicho. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza ya kwao Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1986: mtoto aliyesema Kigikuyu shuleni aliadhibiwa, au akavishwa kibao cha bati chenye maneno ya kumdhihaki. Mtawala aliyeshinda huweza kulipenda vazi la aliyeshindwa, kwa kuwa vazi halijibu. Lugha hujibu, na kwa hiyo lugha hunyamazishwa kwanza na kurudishwa mwisho.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu wapatao 70,000 Uskoti walisema kwamba wanaweza kuzungumza Kigaeli, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 5. Idadi hiyo ni ndogo, ingawa ni kubwa kuliko ile ya mwaka 2011, iliyokuwa kama 57,000. Ongezeko hilo halikuletwa na wauza nguo. Limetokana na kazi ya watu kama sisi: shule zinazofundisha kwa Kigaeli, chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kilichoanzishwa kisiwani Skye mwaka 1973, na Sheria ya Kigaeli ya mwaka 2005. Si kila Mskoti ni wa Kigaeli, kama tulivyokwisha kuona. Lakini yule ambaye ni wa huko, na anayetaka kuikumbatia asili yake, vazi litamchukua nusu saa kulivaa, na lugha itamchukua miaka. Vyote viwili ni vyake. Ila kimoja kina duka, na kingine kina mwalimu.

Kwa hiyo napendekeza insha hii isomwe katika madarasa yetu ya juu, si kwa kuwa ni kweli yote, bali kwa kuwa ni kosa la mtu hodari, na kosa la mtu hodari lina mafunzo. Mwalimu aifasiri kwa muhtasari, kisha awape wanafunzi maneno manne: kuvumbua, kubuni, kuzua, kughushi. Awaambie waigawe insha yote, kila tukio chini ya neno lake, wakianza na Rawlinson na kumalizia na ndugu wawili wa mwaka 1842. Baadaye wafanye zoezi lilo hilo kwa mila tatu za nyumbani kwao, wakiwauliza wazee na kuandika walichoambiwa. Watakuta kwamba baadhi ya walivyovidhani vya kale ni vya jana, na baadhi ya walivyovidharau kuwa vya jana vina wenyewe waliovililia. Tena wataona kwamba Kiswahili si cha kufasiria fikra za wengine tu. Hapa kimefichua kasoro ambayo Kiingereza chenyewe kiliificha kwa miaka 10, mpaka mmoja wa wahariri wa kitabu alipoirudia kazi yake mwenyewe.